Nafasi ya Mgonjwa

Sehemu ya tisa

"Sahihi hii ni yako?"

Hapo ndipo tulipomwacha Ukuta wiki iliyopita, na hapo ndipo angali amesimama. Karatasi iko mezani. Penseli ya Mwenyekiti imelala juu ya mstari wa kumi na nane, ncha imegusa jina lake.

Ndiyo, au hapana. Neno moja tu, na yote mawili ni kisu.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikupe kisa kwa mkupuo mmoja, wenzako wasichoke kusubiri.

Ukuta ni binti wa miaka ishirini na moja, mlinda mlango. Jina hilo alipewa na washabiki. Msimu ulianza akiwa Chuo cha Ualimu. Akavunjika mkono wa kulia akiokoa goli. Mkataba wake wa ufadhili ulikuwa na kipengele kidogo mwishoni kabisa: mchezaji asiyecheza miezi mitatu halipiwi tena. Miezi mitatu ikatimia, chuo kikamwonyesha njia.

Nauliza, na anayeweza kunijibu anijibu. Mtu anavunjika mkono akilinda lango lako, nawe unamfungia mlango wako? Lakini tuendelee. Hasira yangu haitampa binti huyu pa kulala.

Mkono ukapona. Chuo cha Ufundi kikamchukua, kikamlipia masomo na chumba, sharti adake. Kanuni za Shirikisho la Michezo ya Vyuo zinaruhusu kuhama katikati ya msimu, mradi tangu siku ya kuhama jina la mchezaji lisionekane tena kwenye orodha ya chuo alichotoka. Ukuta alisajiliwa Ufundi tarehe mbili. Akadaka, akadaka, na kwenye nusu fainali akapangua penalti ya mwisho na kukitupa nje Chuo cha Biashara.

Biashara hawakulia uwanjani. Walikwenda kulia ofisini. Wakaibua orodha ya wachezaji wa Chuo cha Ualimu ya mechi ya tarehe nne, siku mbili baada ya Ukuta kuhama. Mstari wa kumi na nane ulikuwa na jina lake. Mbele ya jina, sahihi yenye mkia mrefu.

Kama sahihi ni yake, anafungiwa miaka miwili na Ufundi wanapoteza fainali ya Jumamosi. Ufadhili umekwisha, chumba anakihama. Kama si yake, basi aliyemtilia ameghushi: huyo anafungiwa maisha, na Chuo cha Ualimu, ambacho nacho kimefika fainali, kinaondolewa.

Na Ukuta anamjua aliyemtilia. Anamjua kama anavyovijua vidole vyake.

Haya, turudi mezani.

"Nakuuliza kwa mara ya pili, mwanangu," alisema Mwenyekiti. Alikuwa hakimu mstaafu, mama mwenye sauti ya chini, na kila alipofikiri alichonga penseli yake kwa wembe. Maganda yalikuwa yamejaa kisahani cha chai mbele yake.

Ukuta alifungua mdomo.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," sauti ikadakia nyuma yake, "kabla mteja wangu hajajibu."

Alikuwa Kifungu, kijana mwembamba aliyevaa koti la kuazima, mikono yake imeipita mikono ya koti kwa vidole vinne. Anaitwa hivyo kwa sababu hawezi kukuomba chumvi bila kukutajia kifungu kinachomruhusu.

"Wewe ni wakili?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Nasoma sheria, mwaka wa tatu. Kanuni ya ishirini inasema mchezaji anaweza kuja na mtu mmoja amtakaye."

"Basi huna mteja. Una rafiki. Endelea."

Ukuta aliligeuza neno hilo kichwani. Rafiki. Alimjua Kifungu kwa siku tisa. Katika siku hizo tisa hakuna mwingine aliyemwita kwa jina lolote, zuri wala baya.

"Nauliza, Mheshimiwa. Pingamizi hili liliandikwa na nani?"

"Limeandikwa na mlezi wa michezo wa Chuo cha Biashara."

"Na lilipokewa na nani?"

Mwenyekiti alitazama muhuri. "Katibu wa Shirikisho."

"Naomba wote wawili wasimame, tuwaone."

Upande wa kulia wa Mwenyekiti, mwanamume mmoja wa tumbo la heshima alisukuma kiti nyuma, akasimama. Peke yake.

Ukumbi ukacheka. Hata mjumbe wa tatu wa kamati, daktari aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, akaamka kuuliza kuna nini.

Huyu ndiye Kofia Mbili. Asubuhi ni Katibu wa Shirikisho. Mchana ni mlezi wa michezo wa Biashara. Kabati la orodha zote za msimu, ufunguo wake uko mfukoni mwake.

"Mzee wangu," Kifungu alisema kwa upole wa paka, "ulijiandikia barua?"

"Niliandika kwa niaba ya chuo."

"Ukajipokelea?"

"Nilipokea kwa niaba ya Shirikisho."

"Ukajijibu?"

"Ndani ya siku saba," alisema Kofia Mbili, kwa fahari kidogo. "Kama kanuni inavyotaka."

Kicheko kikarudi. Mwenyekiti aligonga meza kwa kisahani.

"Katibu," alisema, "kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja, sijawahi kuona mtu akiketi pande zote mbili za meza. Toka upande huu."

Kofia Mbili alinyanyua kiti chake mwenyewe, akazunguka nacho meza, akakiweka upande wa walalamikaji. Akaketi. Alikuwa amesogea hatua nne.

"Tumeshinda," Kifungu alinong'ona, akimbana Ukuta kiwiko.

"Hujashinda kitu, kijana," alisema Mwenyekiti, ambaye kumbe masikio yake hayajastaafu. "Aliyeileta karatasi ameondoka mezani. Karatasi haijaondoka. Orodha ni ya kweli, muhuri ni wa kweli, na swali langu bado liko palepale." Alimgeukia Ukuta. "Naona umekauka, binti. Nenda kale. Saa nane kamili urudi, nami nataka neno moja tu kinywani mwako."

Kamati ilikuwa ikikaa katika ukumbi mdogo wa Chuo cha Ufundi chenyewe, kwa hiyo kantini ilikuwa ileile anayokula kila siku. Siku hizi kula si neno. Anameza.

Timu ilikuwa imekaa pale ilipozoea, meza ndefu ya dirishani. Mwezi mmoja uliopita wasichana hawa walimbeba mabegani kutoka golini hadi kwenye basi, wakiimba shairi ambalo bado limeandikwa kwa mkaa nyuma ya vyoo vya uwanja:

*Ukuta si wa udongo, mvua haiuangushi;*
*piga kichwa, piga guu, ng'ambo yake huuvushi.*

Leo alishika sahani yake, akaenda hadi mwisho wa benchi, mahali pake.

"Hapo pana mtu," alisema Beki, bila kuinua uso. Beki ndiye anayecheza mbele yake. Kwa miezi miwili wamepigiana kelele kila dakika: *wangu*, *acha*, *toa*.

"Nani?"

"Atakuja."

Ukuta alisimama na sahani yake. Alisimama muda wa kutosha mtu kuja, kama angekuwepo. Hakuja mtu. Wasichana kumi na sita walitafuna wakitazama meza.

Si wabaya. Nataka msomaji uliweke hili akilini. Wameamka saa kumi na moja kila siku tangu msimu uanze kwa ajili ya fainali moja, na sasa fainali hiyo imening'inia kwenye kinywa cha mtu waliyemjua juzi. Wenzake wawili wa chumba walihama wiki jana. Mmoja alisema anafuata taa nzuri ya kusomea. Mwingine hakusema. Magodoro yao wamekwenda nayo, na kila Ukuta akigeuka kitandani, chaga za vitanda viwili vitupu zinamtazama kama mbavu.

Akakaa karibu na karo, kwa waosha vyombo.

Simu ililia. Mama yake.

"Umekula?"

"Nakula hapa, mama."

"Na nani?"

Ukuta alitazama rundo la sahani chafu. "Na wenzangu."

"Ndiyo maana nasikia zogo." Mama yake alicheka. Ni mshonaji wa sare za shule, na nyuma ya sauti yake cherehani haikunyamaza. "Na mkono je? Usiulalie. Ule mkoba wa glovu niliokushonea, zipu bado inashika?"

"Inashika."

"Basi vizuri. Wasalimie wote hapo mezani. Waambie Jumamosi nakuja kuwaona mkicheza, nimeshawaaga watu wa kazini."

"Nitawaambia, mama."

Alipokata, Kifungu alikuwa ameshaketi mbele yake na sahani iliyojaa hadi ukingoni.

"Dada, hesabu ni nyepesi," alisema, akitafuna. "Sema hapana. Sahihi si yako, kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi umepona. Anayelalamika ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Watauliza nani aliandika, utamtaja, mambo kwisha."

"Sitamtaja."

Kijiko cha Kifungu kilisimama njiani. "Kwa nini?"

Ukuta alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Ilimtoka polepole, kama mtu anayevua viatu vilivyolowa.

"Orodha ina mistari kumi na nane," alisema. "Kule Ualimu tulikuwa tunacheza na watu kumi na saba. Mstari wa mwisho tunauacha kwa aliyeumia. Tunauita nafasi ya mgonjwa. Kila mechi jina lake linaandikwa, nahodha anamtilia sahihi. Halafu ile nakala ya chini, ile ya kaboni, nahodha anampelekea kitandani. Anamwambia, *leo umecheza*."

"Na hakuna aliyejua ni kosa?"

"Tulijua kanuni ya kuotea na kanuni ya kona. Hizo nyingine zilikuwa za wenye suti."

Kifungu alivuta mikono ya koti, isifike.

"Nililala hospitali wiki tano. Nahodha alikuja mara nne. Mechi nne, nakala nne. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, mimi chini yeye juu, miaka miwili. Aliniita pacha."

"Lakini tarehe nne ulikuwa umeshahama. Kwa nini bado waliandika?"

Ukuta alifuta ukingo wa sahani kwa kidole.

"Mgonjwa hafutwi na mtu," alisema. "Ndiyo desturi yetu. Akipona, anakuja mbele ya timu, anapewa kalamu, anajifuta mwenyewe. Wanapiga makofi. Mpaka siku hiyo jina linabaki."

"Na wewe?"

"Niliondoka mchana, wakiwa darasani. Sikuaga. Ningewaambia nini? Kwamba nimetupwa kama kiti kilichovunjika mguu?" Alisogeza sahani. "Sikujifuta, Kifungu. Walikuwa wananingoja."

Waosha vyombo walifungua bomba. Kifungu alisubiri kelele ipungue.

"Hizo nakala nne ziko wapi?"

"Sijui."

"Mguu wako unajua. Nimetaja nakala, umevuta mkoba chini ya kiti."

Ukuta aliinama, akafungua zipu, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili katikati ya glovu. Mbele ilikuwa orodha, wino wa kaboni umefifia, mstari wa kumi na nane una jina na ile sahihi yenye mkia. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya kalamu ya kijani:

*Leo umecheza, pacha. Mbili bila. Pona uje ujifute.*

Kifungu alisoma mara mbili. Macho yalimng'aa, na hamu ya kula ikamwisha palepale.

"Dada. Siku hii mkono wako wa kulia ulikuwa kwenye plasta ngumu?"

"Hadi begani."

"Na sahihi ni ileile ya tarehe nne, mkia na vyote. Hii ndiyo kesi. Imekwisha. Hata daktari aliyelala ataelewa."

"Na yeye inammaliza." Ukuta aliikunja karatasi. "Amebakiza muhula mmoja awe mwalimu. Nani atampa darasa mtu aliyeandikiwa kughushi?"

"Na wewe nani atakupa kitanda Jumamosi?"

Ukuta alitoa simu, akapiga namba aliyoipiga kila siku kwa wiki tatu. Iliita. Ikakatwa, kama ilivyokatwa jana na juzi.

Safari hii, kabla hajaiweka mezani, ilitetemeka. Ujumbe. Namba ya Nahodha.

*Sema ni yako, Ukuta. Tuna fainali Jumamosi. Usituharibie watu kumi na saba kwa ajili ya mtu mmoja.*

Kifungu alisoma juu ya bega lake, akaguna. "Pole. Sasa huna deni naye."

Lakini uso wa Ukuta ulikuwa umefanya kitu ambacho haukufanya kwa siku tisa. Ulitabasamu.

"Si yeye," alisema.

"Namba ni yake."

"Namba ni yake, maneno si yake. Hajawahi kuniita Ukuta, hata mara moja. Hata akikasirika. Wako kambini, unaona? Wakiwa kambini kocha hukusanya simu zote, huziweka kwenye boksi la viatu ofisini kwake. Wiki tatu zote hizi zimekuwa kwa kocha. Ndiye anayenikatia. Ndiye aliyeandika."

"Dada..."

"Hajui hata kama nampigia." Alisimama, akaning'iniza mkoba begani, na hatua zake kuelekea ukumbini zilikuwa za mtu anayetoka kwenye korido kuingia uwanjani. Alipita karibu na meza ya dirishani bila kuhisi baridi yake. Kumbe hajatupwa. Kumbe kuna mtu mmoja, mahali fulani, ambaye angali anamwachia mstari.

Mpe dakika tano hizo, msomaji. Hana nyingine kama hizo leo.

Saa nane kamili. Mwenyekiti alikuwa na penseli mpya.

"Sahihi hii ni yako?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Watu walivuta pumzi.

"Ni ya nani?"

"Jina ni langu, na mimi ndiye niliyeliacha pale. Sikumwomba mtu aniandike, sikupanda basi lao, sikuvaa jezi yao. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Sikukuuliza zaidi. Nimeuliza ni ya nani."

"Sitasema."

Mwenyekiti alichonga. Ganda refu likaanguka kisahanini. "Binti, nusu ya jibu si jibu. Ukisema si yako, umeshasema kuna aliyeghushi. Ukimficha, natakiwa niamini kwamba hayupo."

Kifungu aliruka. "Mheshimiwa, mzigo wa kuthibitisha ni wa mlalamikaji. Alete mtu aliyemwona mchezaji huyu akitia sahihi. Kama hana, pingamizi lianguke."

Ilikuwa hoja nzuri. Niandike wazi: ilikuwa hoja nzuri mno, na vijana huwa hawajui kwamba mlango ukiufungua sana hata usiyemtaka anapita.

"Ninaye," alisema Kofia Mbili.

Aliinuka, akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akaufungua.

Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, amevaa suti ya mazoezi ya Chuo cha Ualimu, nywele amezibana nyuma. Alipita karibu na Ukuta kiasi cha kumgusa bega. Hakumgusa. Hakumtazama. Akaenda kuketi upande wa Kofia Mbili.

Nahodha.

Ukuta aliona kitu kimoja tu. Simu. Ilikuwa mkononi mwa Nahodha, ileile yenye kona iliyopasuka, iliyofungwa kwa plasta nyeupe ya hospitali. Plasta hiyo aliifunga Ukuta mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, akiwa kitandani.

Haikuwa kwenye boksi lolote la viatu.

"Unaapa kusema kweli?" Mwenyekiti aliuliza.

"Naapa."

"Ulimwona mchezaji huyu akitia sahihi kwenye orodha ya tarehe nne?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Alitia mbele yangu. Ndani ya basi, tukienda uwanjani."

"Mlizungumza nini?"

Nahodha alisita. "Hatukuzungumza."

"Marafiki wawili ndani ya basi, hamkuzungumza?"

"Hatukuwa marafiki, Mheshimiwa," alisema Nahodha, akiitazama simu yake. "Tulikuwa timu moja tu."

Kofia Mbili alikunja mikono juu ya tumbo. Kwa mahesabu yake Ukuta anafungiwa, Ufundi wanatoka, Biashara wanaingia fainali kucheza na Ualimu, na kila aliyeketi upande wake wa meza anakwenda nyumbani na furaha. Zimebaki saa mbili za kazi, na barua ya hukumu atajiandikia mwenyewe.

"Dada," Kifungu alinong'ona. "Mkoba. Sasa. Ameapa uongo. Zitoe, nakuomba."

Mguu wa Ukuta ulikuwa juu ya mkoba. Ulikuwa pale tangu alipoketi.

Akauondoa.

Alifungua zipu, akatoa karatasi nne kutoka kwenye glovu, akazikunjua moja baada ya nyingine, upande wa orodha juu. Akazipanga sawa kwa kiganja. Kisha akasimama, mkoba begani, akaenda hadi kwenye meza ya kamati.

"Mheshimiwa, naomba penseli yako."

"Ya nini?"

"Ya kufanya jambo nililotakiwa kufanya zamani."

Mwenyekiti alimtazama kwa muda. Akaisukuma penseli.

Ukuta aliinama. Kwenye nakala ya kwanza, mstari wa kumi na nane, akapiga mstari juu ya jina lake. Taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nakala ya pili. Ya tatu. Nyuma yake Kifungu alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ushahidi pekee wa kesi yake ya kwanza maishani ulikuwa unachorwa mbele ya macho yake. Ya nne.

Hakuna aliyepiga makofi.

Alirudisha penseli, akazichukua karatasi, akaenda kuziweka mbele ya Nahodha.

"Zako," alisema. "Mimi nimepona. Nimejifuta."

Nahodha hakuzigusa. Rangi ilikuwa imemtoka hadi midomoni.

"Nini hizo?" Kofia Mbili aliuliza, akinyoosha mkono.

"Mkono wako, Katibu," alisema Mwenyekiti, na Kofia Mbili akaurudisha kama aliyegusa chungu cha moto. Mama yule aliinuka kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Dirisha lilikuwa nyuma ya Nahodha, na mwanga wa alasiri ulipenya karatasi ile ya juu, iliyoinuka kwenye mikunjo yake, nyembamba kama ganda la kitunguu. Upande wa pili, maandishi ya kijani yalionekana yakienda kinyumenyume.

"Kuna kitu kimeandikwa nyuma," alisema Mwenyekiti. "Hivi unasomea ualimu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi sauti unayo. Igeuze, mwalimu. Tusomee."

Nahodha aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama Ukuta.

Lakini Ukuta alikuwa ameshampa mgongo. Alikuwa anarudi kwenye kiti chake, mkoba uliobaki na glovu tu begani, mwepesi hata akausahau. Kule dirishani kwenye kantini hana nafasi. Kwenye orodha ya Ualimu hana mstari. Ya Ufundi itajulikana jioni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kucheza mpira, ilikuwa kama jina lake halijaandikwa na mtu yeyote, mahali popote.

Nyuma yake alisikia sauti ya karatasi.

Hakugeuka. Hakujua kama inageuzwa, au inachanwa.